Nguruwe Waliotangulia Kuingia Safina

Nianze na aibu yenyewe, ndio tusizungushane. Mimi ndiye yule mtu aliyebandika nguruwe kwa ukuta wa kanisa la Wasabato. Tena si nguruwe mmoja. Walikuwa madume saba na majike saba, wote pinki, wamepangwa wawili wawili mbele kabisa ya msafara, wanapanda ubao wa safina ya Nuhu, mikia yao imejikunja vizuri. Majike niliwawekea ua la karatasi sikioni, ndio watu wajue nani ni bibi. Na si kwamba nilibandika nikatoroka. Nilirudi asubuhi ya Sabato nimevaa shati niliyooa nayo, nikasimama kwa mlango, nikingoja kupongezwa.

Ukitaka kucheka, cheka. Mke wangu alishacheka zamani, siku hizi anawaanzishia wageni hiyo hadithi kabla hawajakunywa chai.

Kwa wale hatujuani, kazi yangu ni kukata wanyama wa karatasi. Niko na kibanda Migori mjini, nyuma ya soko, katikati ya fundi wa viatu na mama wa kusuka nywele. Ndani kuna mashine ya chuma ya kuzungusha na mkono. Kila mnyama ana kibati chake, kipande bapa cha chuma chenye makali yaliyopinda kufuata umbo la huyo mnyama, kama kile cha kukatia biskuti. Unalaza karatasi ya manila juu ya kibati, unafunika na ubao, unapitisha katikati ya rola mbili huku unazungusha. Upande wa pili anatoka swara, au kuku, au simba. Walimu wa nasari wananunua, wanabandika darasani, watoto wanajifunza majina. Watu wa keki pia wananunua, na watu wa sherehe za watoto.

Kabla ya hapo nilikuwa napakia miwa kwa malori kule Awendo. Shule niliacha kidato cha pili. Au niseme shule ndio iliniacha, kwa sababu mimi nilikuwa bado nimekaa kwa dawati natafuta ile hesabu inaanzia wapi. Miwa ilinipokea bila kuniuliza cheti, lakini mgongo ulipoanza kulalamika kunishinda, nikatafuta kitu chepesi. Mwenye duka moja la vitabu alikuwa anahama, akaniuzia hiyo mashine. Yeye mwenyewe hakujua inafanya nini. Mimi nikaiangalia zile rola mbili na ule mkono wa kuzungusha, nikasema hii naijua kabisa, ni ile ya kukamua juisi ya miwa, hii ni saizi ya nyumbani. Nikaibeba mpaka nyumbani, nikaiosha na sabuni, nikachonga muwa mwembamba, nikaingiza.

Muwa ukakwama. Mke wangu akachukua boksi iliyokuja nayo, akaigeuza.

"Baba, hapa wamechora kipepeo."

"Ni picha ya kampuni tu."

"Na huyu sungura je? Na huyu bata? Hii kampuni inafuga?"

Ndio hivyo nikaingia kwa biashara ya karatasi, mikono yangu bado inanuka miwa.

Sasa kukata si shida. Mtu yeyote anaweza kuzungusha. Shida ni kupanga. Mwanzo nilikuwa nakata wanyama, naweka wote kwa gunia moja. Wanyama wa karatasi wakikaa pamoja kwa gunia wanafanyiana vile wale wa kweli wangefanyiana. Twiga alitoka shingo imevunjika. Tembo alitoka hana mkonga, nikamuuza kama kiboko. Nikaona hapana, nikawapanga kwa rangi: wekundu hapa, kijani hapa. Mwalimu anakuja anasema nataka ng'ombe. Namuuliza wa rangi gani. Ananiangalia vile watu wanaangalia mtu ambaye hajawahi kuona ng'ombe.

Nikajaribu alfabeti. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Mmoja anakuja anaitisha tembo, mwingine ndovu, mama mwingine anasema liech kwa Kiluo, na Mkuria kutoka mpakani ana jina lake lingine. Mnyama ni mmoja, lakini amehamia droo nne, na mimi nazunguka hapo ndani kama kuku anatafuta pa kutagia. Mama wa kusuka nywele alikuwa akisikia droo zinafunguliwa anapiga kelele kupitia ukuta, "Bado hujampata? Mwite na jina la baba yake!"

Halafu siku moja nikiwa na njaa, akili ikaja. Nikachukua katoni tatu za biskuti na kalamu nene. Ya kwanza nikaandika WANAOLIWA. Ya pili, WANAOKULA WATU. Ya tatu, WA KUANGALIA TU.

Nakwambia hakuna mtu aliyewahi kuuliza swali tena. Mwalimu anaingia, anataka mbuzi, mkono unaenda kwa katoni ya kwanza wenyewe. Anataka mamba, ya pili. Pundamilia, ya tatu. Mabishano yalikuwa kidogo tu. Kiboko nilimweka kwa wanaokula watu, mvuvi mmoja akanirekebisha kwamba kiboko hali mtu, anaua tu na kuondoka, lakini nikamwambia kwa marehemu haina tofauti. Kware nilikuwa nimemweka kwa wa kuangalia. Mzee mmoja alimtoa huko na mkono wake mwenyewe, mbele yangu, akamhamishia kwa wanaoliwa, akaenda bila kununua kitu.

Kwa katoni ya kwanza basi kulikuwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, bata, huyo kware, sungura, samaki na nguruwe. Sisi kwetu ni Wakatoliki. Nguruwe kwetu ni chakula cha Jumapili. Sikuona neno hapo, na hakuna mteja aliyeona. Tena nguruwe walikuwa wengi sana kwa hiyo katoni, kwa sababu mwenye bucha moja ya nguruwe aliagiza wa kupamba dirisha, halafu dirisha likawa dogo kuliko alivyofikiria.

Sasa rafiki yangu. Tulisoma naye shule ya msingi, dawati moja. Yeye aliendelea mpaka akawa mwalimu wa watoto wadogo, mimi nikaendelea mpaka Awendo. Ameolewa Rodi Kopany, upande wa Homa Bay, na siku ya Sabato anafundisha watoto wa kanisa lao. Mimi namwita nyaminwa, dada yangu, na yeye ananiita owadwa, ndugu yangu, ingawa mama zetu hawajuani. Akanipigia simu, sauti iko chini.

"Owadwa, chumba cha watoto kinaenda."

"Kinaenda wapi?"

"Mzee wa kanisa anataka kuweka viti na mahema huko ndani. Anasema watoto hawakaagi. Nikianza kufundisha tu, mmoja anaenda choo, wote wanashikwa na choo. Wanaishia nje wanakimbiza mijusi. Sasa anauliza chumba kizima ni cha nini."

"Na wakifukuzwa utawafundishia wapi?"

"Kwa kivuli cha ukuta wa choo. Hapo si ndio wanapenda?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikajua ni mambo. Akaniambia ameomba nafasi moja ya mwisho. Sabato inayokuja ilikuwa ya watoto, na mzee wa kanisa mwenyewe angekuja kukaa humo ndani. Watoto wakikaa mpaka ibada ya wakubwa imalizike, chumba kinabaki chao. Wakitoka nje, Jumapili viti vinaingia. Alikuwa amefundisha kwa hicho chumba tangu alipoolewa. Ile meza ndogo alinunua yeye, na ile rangi ya ukuta alipaka yeye na mume wake.

"Nataka ukuta mmoja mzima," akasema. "Safina ya Nuhu. Wanyama wamepiga foleni wanaingia. Mtoto akiangalia asikumbuke choo."

"Wangapi wangapi?"

"Kama Biblia inavyosema. Walio safi saba saba, dume na jike. Wasio safi wawili wawili."

Mimi nilikuwa najua wawili wawili tu. Hiyo ya saba saba lazima ilisomwa siku nilikuwa nje ya kanisa. Nikamuuliza, "Na walio safi ni gani?"

"Ai, na wewe! Si wale wanaliwa."

Akakata simu. Nikageuka polepole nikaangalia ile katoni yangu ya kwanza, na nikajisikia mtu mwenye akili. Mtu amepanga vitu vyake vizuri mpaka vinalingana na Biblia. Ni wangapi wanaweza kusema hivyo?

Nilifanya hiyo kazi kwa moyo wote. Kila kibati nilikipaka kwanza nta ya mshumaa kidogo ndio karatasi isishike. Swara anasumbua miguu, inabaki ndani ya makali, unaisukuma na kijiti cha meno. Lakini hakuna anayesumbua kama mkia wa nguruwe. Ule mkia umejikunja kama ushanga, ukiharakisha unakatika, unabaki na nguruwe ambaye hata hajulikani. Kila mkia niliutoa na sindano, ulimi nje. Nilipomaliza nikawapanga juu ya meza, nikawaangalia, nikasema hawa ndio watatangulia. Kazi nzuri inakaa mbele. Ndio nikawaongezea yale maua.

Samaki nao niliwaona wako uchi. Kibati cha samaki ni cha samaki tu, huwezi jua ni gani. Nikachukua kalamu nikawachora sharubu wawe mumi, yaani kambare, kwa sababu mimi supu ya mumi naweza kuachia shamba.

Nilifika Rodi Kopany Ijumaa alasiri na katoni zangu zimefungwa na mpira wa baiskeli. Nyaminwa alinipa funguo mlangoni, mkono mwingine ameshika dengu.

"Nakuacha," akasema. "Jua likizama sipiki tena, na bado sijachagua hata hii. Ukimaliza funga. Lakini umalize kabla ya jua kuzama, tafadhali. Ukionekana unafanya kazi humo ndani Sabato imeingia, mzee atapata sababu mbili."

Basi nikashindana na jua. Safina nilikata kwa boksi la friji nililookota, kubwa mpaka karibu na dari. Gundi nilikuwa nimepika ya unga wa muhogo, lakini sikuiamini, nikaichanganya na gundi ya seremala. Nilitaka kitu cha kudumu. Nilipanda juu ya meza, nikashuka, nikapanda. Simba wawili, twiga wawili, mamba wawili. Mbuzi saba saba, kondoo saba saba. Na pale mbele, kwa ubao wa kuingilia, wale wangu. Jua lilikuwa limegusa mabati ya jirani nilipobandika nguruwe wa mwisho. Nikafunga mlango, nikaenda kulala kwa binamu yangu Homa Bay mjini, nikamwambia kesho twende wote akaone. Akasema yeye ana kazi. Mpaka leo anajuta.

Asubuhi ndio hiyo nimesimama kwa mlango na shati yangu. Nyaminwa akaja mbio, amevaa nguo nyeupe, Biblia kwapani. Akaniambia, "Ubarikiwe owadwa, nilijua hutaniangusha," hata kabla hajaangalia. Nikampa funguo, akafungua mlango. Akaingia. Akanyamaza.

Mimi nikafikiri ni uzuri umemziba mdomo.

"Owadwa," akasema bila kugeuka. "Hawa wa mbele ni nani?"

"Nguruwe."

"Wangapi?"

"Saba saba. Kama ulivyosema. Wanaoliwa."

Akakaa kwa kile kiti kidogo cha watoto, magoti yakamfika kidevuni. "Wanaliwa na nani?"

Ndipo ikaniingia. Niko na marafiki Wasabato, nimekula kwao, nimeona vile hawapiki nguruwe. Nilijua. Lakini kujua kwingine kunakaa mbali na mikono. Nikamwambia, "Yawa." Nikamwambia tena, "Yawa." Kwetu hiyo ni kama kusema jamani.

"Toa," akasema. "Toa wote haraka, watu wanakuja."

Nikachukua kisu cha meza, nikapanda juu ya meza, nikaanza kukwangua nguruwe wa kwanza. Hakutoka hata nywele. Gundi ya seremala, jamani, maseremala wako sawa. Nilikuwa nimepata nusu ya sikio wakati sauti ilisikika nyuma yangu.

"Huyu anafanya nini?"

Alikuwa mzee wa kanisa. Mtu mrefu, suti ya kijivu, miwani imekaa kwa ncha ya pua. Nyuma yake akina mama wawili waliokuja mapema.

"Natoa nguruwe, mzee," nikasema.

"Siku ya Sabato?"

"Sikuwa najua jana, mzee."

"Hukujua nini? Kwamba ni nguruwe?"

"Nilijua ni nguruwe. Sikujua kwamba ni nguruwe hasa."

Akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Nafikiri alitaka kuhakikisha ni mimi niliyesema hivyo.

Mama mmoja, mnene, mwenye huruma, akajaribu kunisaidia. "Mzee, si imeandikwa ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya Sabato unamtoa?"

"Ng'ombe," mzee akasema. "Na ametumbukia. Hawa hawajatumbukia. Wamebandikwa."

"Na wamevaa maua," mama wa pili akasema, kama shahidi.

Mzee akaangalia ukuta, akaangalia nyaminwa, na nyaminwa akaangalia chini. Nikaona chumba kinaenda. Nikaona viti vinaingia, na nikajiona mimi mwenyewe ndio nimevibeba. Kushuka kwa meza nashindwa, kubaki juu nashindwa. Mzee akasema kukwangua ni kazi, na kazi ingoje jua lizame. Lakini hawezi kuruhusu watoto wafundishwe mbele ya hicho kitu. Basi yule mama mnene akafungua leso yake kiunoni, mwenzake akafungua yake, wakazining'iniza kwa misumari ya zamani ya kalenda, zikafunika ubao wa safina wote na nguruwe wake. Leso moja ilikuwa imeandikwa "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Niliisoma mara moja nikaangalia pembeni.

Watoto wakaingia. Walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, wengine wamebeba wadogo zao. Mzee akachukua kiti akakaa nyuma kabisa, mikono amekunja. Mimi nikabaki mlangoni, nusu ndani, nusu nimeshaenda. Nyaminwa akaanza kufundisha. Nuhu alikuwa mtu mwema. Mungu akamwambia jenga. Na kweli watoto walikuwa wanaangalia ukuta, twiga waliwapendeza, lakini mmoja alishaanza kusimama na ile sura ya choo.

Sasa kule chini, leso ilikuwa fupi. Ua moja lilitokeza.

Msichana mdogo wa mstari wa mbele, meno mawili hayapo, akainuka. "Mwalimu, kuna ua hapa."

"Liache, kaa chini."

Akashika leso aone ua limetoka wapi. Leso ikaanguka.

Halafu yule msichana akapiga kelele kwa furaha kabisa, kama mtu ameona mjomba wake sokoni:

"Anguro!"

Na chumba kizima kikasimama. Anguro! Anguro! Nguruwe kwa Kiluo, kama kuna mtu hakuelewa. Yule wa choo akarudi mbio, akapanda kwa benchi aone.

"Nani aliwaruhusu kuingia wengi hivi?" mmoja akauliza.

"Yule!" wote wakanionyesha mimi. Sijui walijuaje. Labda ni shati.

Nyaminwa akajaribu kuokota leso, lakini yule msichana ameshaanza kesi. "Nguruwe wanaingia wawili tu! Hawa wengine washuke!"

"Washuke waende wapi?" kijana mmoja akamuuliza.

"Kwa maji!"

"Watakufa!"

"Si ni nguruwe?"

"Hata kama! Huyu ana ua!"

Wakagawanyika hapo hapo, nusu wanataka nguruwe washushwe, nusu wanataka waende. Mtoto mmoja akaanza kulia kwa ajili ya nguruwe wa mwisho kwenye foleni, ati ndiye atashushwa kwanza na hajafanya kitu. Mwingine akaona sungura. "Na hawa? Baba yangu anasema sungura hatuli, kwa nini wako wengi?" Nyaminwa akanigeukia na macho makubwa, kwa sababu sungura alikuwa hajamwona. Mwingine akafika kwa samaki. "Wana sharubu! Ni mumi! Mwalimu, mumi hana magamba, haliwi!" Na mwingine, huyu nilimwogopa sana, akauliza kwa sauti ya kufikiria: "Lakini samaki alipanda safina kufanya nini? Si maji ndiyo kwake?"

Mimi ni Mjaluo, huwezi kuniambia nipange chakula niache samaki.

Halafu yule aliyekuwa analia akageuka nyuma, akamwuliza mzee moja kwa moja. "Baba, kwani Mungu hapendi nguruwe?"

Wote wakageuka. Mzee akakunjua mikono. Nilimwona anatafuta jibu ambalo lingemtosha mtoto, na halikuwa karibu. Akasimama, akaja mbele, akainama karibu na ukuta, akaangalia wale nguruwe wangu kwa mara ya kwanza bila hasira. Nafikiri aliona ile mikia.

"Anapenda," akasema. "Kama hapendi, angemwita aingie? Waliingia wawili, wakalindwa kama wengine. Ni sisi tu tuliambiwa tusimle."

Yule msichana wa meno mawili akafikiria. "Kwa hivyo mbuzi anapendwa, halafu analiwa."

"Ee."

"Na nguruwe anapendwa, halafu haliwi."

"Ee."

"Basi ni afadhali kuwa nguruwe."

Mzee akavua miwani tena. Halafu mabega yakaanza kumtetemeka, na kicheko kikatoka, kicheko cha mtu ambaye suti yake haijazoea. Akina mama mlangoni wakashika mdomo. Kutoka hapo darasa likawa lake. Akavuta kile kiti kidogo, akakaa mbele, akawa anaonyesha mnyama kwa kidole: huyu saba au wawili? Wanajibu kwa kelele. Ng'ombe, saba! Simba, wawili! Walipofika kwa kiboko wakabishana, huyu anasema ana kwato, huyu anasema hacheui, na kijana mmoja wa kutoka ufuoni akasema yeye amemwona kiboko wa kweli, anaogelea, basi angekaa tu nje apige miguu pembeni ya safina. Mzee akasema hilo ataenda kuulizia. Nilimheshimu kwa hapo.

Ibada ya wakubwa ikaisha. Wazazi wakaja kuchukua watoto, watoto wakakataa. Hakuna aliyeenda choo. Mtoto mmoja nadhani alihitaji, lakini alivumilia kwa ajili ya kware, ambaye kesi yake ilikuwa haijaamuliwa.

Mzee akatoka mwisho. Akasimama mbele ya nyaminwa. "Mwalimu, viti nitavitafutia pahali pengine." Nyaminwa alishika mkono wake na mikono miwili. Halafu mzee akanigeukia, na uso ukarudi wa kijivu. "Na wewe. Kesho urudi utoe wale waliozidi. Ubakishe wawili. Hawa wa mbele, wenye mikia mizuri."

Jumapili asubuhi kwa hivyo, wakati Wakatoliki wenzangu wako misani, mimi nilikuwa kanisani kwa wengine, natoa nguruwe na maji moto. Nyaminwa alikuja na chai na mandazi, akakaa kwa ile meza yake ndogo, akawa ananiangalia nikikwangua. Kila nguruwe alitoka na kipande cha rangi ya ukuta, ile aliyopaka na mume wake. Nilimwambia nitarudi kuipaka. Nikamwambia pole, kwa mara sijui ya ngapi. Akapunga mkono.

"Wacha pole. Wanataka Danieli na simba Sabato ya mwezi ujao. Na wameniuliza kama kutakuwa na makosa ya kutafuta tena."

Nikashusha kisu. Nikamwambia hiyo ni ngumu, itabidi nikae chini nifikirie vizuri ni makosa gani nitaweka, yasiwe ya kuudhi mzee, na yasiwe rahisi sana kwa watoto.

Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Usijitese, owadwa," akasema. "Wewe fanya tu kazi yako vizuri kama kawaida. Makosa yatakuja yenyewe."